Pikipiki ya kwanza: mwongozo kamili wa kuichagua na kuikatia bima ukiwa bado unajifunza

"Kaka, nimepata ajali. Stika ninayo, lakini kampuni inasema hailipi. Nifanyeje?"

Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi mno, na nikishauliza mambo matatu tatizo huwa limeshajitokeza lenyewe. Kadi ya pikipiki ina jina la nani? Leseni yako ni daraja gani? Bima uliandikisha ya matumizi gani? Mara kadi bado ni ya mwenyewe wa kwanza, aliyeshahamia Kahama. Mara leseni hakuna, "nilikuwa bado najifunza". Mara bima ni ya matumizi binafsi, na siku ile alikuwa amempakia abiria wa elfu mbili.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalorekebishika ukiwa umeshalala hospitali. Kwa hiyo fuata hatua kwa mpangilio huu: karatasi zako kwanza, pikipiki ifuate, bima iwe tayari kabla tairi halijagusa barabara. Mwongozo ni wa Tanzania Bara, maana Zanzibar wana usajili na taratibu zao.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Namba ya NIDA na TIN. TIN hutolewa bure, usimlipe mtu.
- Leseni ya kujifunzia, ile wanayoiita lena.
- Hela iliyogawanywa mafungu mawili (nitaeleza Hatua ya 2).
- Kofia ngumu ya kwako mwenyewe.
- Tochi ndogo, kitambaa, na mafuta ya taa kidogo kwenye chupa.
- Fundi asiyejuana na muuzaji.
- Simu yenye bando.

Kama kimojawapo hakipo, usiende kuangalia pikipiki. Ukishaiona na kuipenda, akili inahama kichwani inaenda kukaa kwenye tangi la mafuta.

## Hatua ya 1: Leseni ya kujifunzia itangulie

Lena hulipiwa shilingi 10,000 na hudumu miezi mitatu. Ukishafaulu mtihani, leseni kamili nayo hulipiwa, na hudumu miaka mitano.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawaulizi, nalo ni daraja. Pikipiki yenye injini chini ya cc 125 ipo daraja A1. Inayozidi cc 125 ni daraja A. Sasa angalia Boxer 150 zinavyojaa vijiweni, halafu jiulize ni vijana wangapi wanaziendesha kwa A1. Askari anaweza asiligundue hilo kwa mwaka mzima, lakini mkaguzi wa madai wa kampuni ya bima ataliona siku ya kwanza, kwa sababu kazi yake ni kusoma leseni yako.

Amua daraja kabla ya kuamua pikipiki. Ukiomba A, una uhuru wa kuchagua ya cc 125 au 150. Ukiomba A1, usiguse 150 hata kama bei imeshuka.

Umefanikiwa kama: lena iko mfukoni, jina lake linalingana herufi kwa herufi na lile la NIDA, na daraja lake ni la pikipiki unayoitaka.

## Hatua ya 2: Gawa hela mafungu mawili

Makosa mengi ya bima huanzia hapa. Kijana ana milioni mbili na laki tano, ananunua pikipiki ya milioni mbili na laki tano. Siku inayofuata anatafuta bima ya bei rahisi kuliko zote, kofia anaazima, kadi anasema atabadilisha "mambo yakikaa sawa".

Tenga robo ya hela yako, isiguse pikipiki kabisa. Robo hiyo italipa bima, kubadilisha kadi pamoja na ushuru wa stempu (asilimia 1 ya thamani), kofia, glavu, mafunzo, leseni kamili, na oili ya kwanza. Kilichobaki ndicho bei ya pikipiki yako. Kama hakitoshi, tafuta pikipiki ya bei ndogo zaidi au subiri miezi miwili.

Na zile pikipiki za mkataba, za kulipa kila siku mpaka iwe yako? Zina faida yake kwa anayejua barabara. Kwa anayejifunza sizishauri. Kadi inabaki kwa mwenye mali na bima kaikata yeye kwa masharti ambayo hukuyaona, halafu hesabu ya siku inakulazimisha uingie kazini kabla hujajua kupiga breki.

## Hatua ya 3: Chagua unayoimudu miguuni na unayoipatia spea

Kaa juu ya pikipiki, injini ikiwa imezimwa. Mguu mmoja ukanyage chini wote, na wa pili angalau nusu ya mbele ya unyayo. Kisha itoe kwenye stendi, isukume kwa mkono mita kumi, igeuze, irudishe. Ukihema au ikikuponyoka kidogo, hiyo si yako kwa sasa. Anayejifunza huanguka zaidi kwenye mwendo wa konokono, wakati wa kugeuza, kusimama au kukwepa shimo, na hapo kinachokuokoa ni miguu yako.

Ukubwa wa cc 100 hadi 125 unatosha kabisa. Boxer, TVS HLX, Honda na Haojue zote zina pikipiki za kiwango hicho. Ukiniuliza ipi bora nitakujibu: ile ambayo duka la spea la mtaani kwako lina kebo ya klachi, brekishuu na cheni yake. Nenda dukani kwanza, ukaulize bei za vitu hivyo vitatu. Muuza spea anajua kuliko mimi, na kuliko tangazo.

Tahadhari moja: pikipiki ambayo spea zake huuzika haraka, yenyewe pia huuzika haraka ikiibiwa. Weka kufuli la diski au mnyororo kwenye bajeti.

## Hatua ya 4: Kagua iliyotumika kama vile muuzaji ni mgeni, hata akiwa binamu

Ukinunua mpya dukani, dai risiti ya EFD, nyaraka za usajili na kitabu cha garantii, kisha ruka hadi Hatua ya 5. Iliyotumika inataka muda.

Fika mapema kuliko mlivyokubaliana. Kabla ya salamu kuisha, sogeza kiganja karibu na injini. Inatakiwa iwe ya baridi. Nilimsindikiza mpwa wangu Morogoro kuangalia Boxer moja, tulipofika tu muuzaji akasema, "Kaka, hii chuma haijaguswa tangu jana." Injini ilikuwa inaunguza. Nikamwambia mpwa wangu tukanywe chai. Tukakaa karibu saa nzima, mwenyewe akitupigia simu tusichelewe, na tuliporudi ikiwa imepoa ilihitaji kiki kumi na moja kuwaka, tena kwa kufunguliwa mafuta. Injini iliyopashwa moto huficha mgandamizo hafifu.

Moshi. Wa bluu maana yake inakula oili: ringi au sili za valvu zimechoka. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi kabureta, na hilo hurekebishika. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ukaisha haraka, usiogope.

Oili. Chomoa kijiti. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ondoka.

Shingo ya usukani. Weka stendi ya kati, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lielee. Zungusha usukani taratibu kwa vidole viwili. Kama katikati kuna mahali unajikwaa, gololi za shingo zimeisha, au pikipiki imeshapiga kitu kwa mbele.

Cheni na sproketi. Vuta cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno ukaona mwanga kati yake, imekwisha. Meno yaliyopinda kama ndoano nayo yamekwisha. Si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kushusha bei kwa gharama ya seti nzima.

Fremu. Simama hatua tano nyuma, chuchumaa, funga jicho moja. Magurudumu yote mawili yawe kwenye mstari. Angalia mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya peke yake.

Spidomita. Usiipe uzito. Kebo yake huchomolewa kwa sekunde. Tazama raba za kukanyagia, gripu na pedali ya breki: vilivyolika havidanganyi.

Sasa chukua mafuta ya taa na kitambaa. Futa namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, kisha namba ya injini. Zisome kwa tochi, herufi moja moja, ukilinganisha na kadi. Ile Boxer ya Morogoro, hata baada ya kiki zote zile, mpwa wangu bado alikuwa anaipenda. Nikafuta chesisi. Chini ya grisi, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa ndani ya mfereji mdogo, kama mtu aliyekwangua kwa tupa kisha akagonga upya. Mpwa wangu alishika kidole pale, akaniangalia. "Mjomba, twende." Hakuna bima inayolipa pikipiki ambayo namba zake hazieleweki, na kabla ya bima kuna polisi.

Umefanikiwa kama: injini imewaka ikiwa ya baridi, namba mbili zinalingana na kadi, na fundi *wako* ameizungusha mtaa mmoja.

## Hatua ya 5: Kadi iwe na jina lako

Muulize muuzaji maswali mawili. Je, jina lililo kwenye kadi ni lako? Kama siyo, mwenye jina yuko wapi? "Nilinunua kwa jamaa, naye alinunua kwa jamaa" maana yake unanunua mlolongo wa watu ambao huwajui, na wa kwanza ndiye mwenye mali kisheria.

Angalia pia faini kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, tms.tpf.go.tz, kwa namba ya usajili. Faini za pikipiki zilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na naona wengine tangu hapo wanaziacha tu zirundikane kama bili ya maji. Deni lisafishwe na muuzaji kabla hujatoa hela.

Andikisheni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye nakala za vitambulisho, namba ya chesisi, namba ya injini, bei halisi, tarehe na saa. Ndiyo, saa. Ikiwa asubuhi ile ile pikipiki iligonga mtu, saa ndiyo itakayosema ilikuwa mikononi mwa nani. Kisha nendeni TRA kubadilisha umiliki, na salio la mwisho mlipe kazi hiyo ikishaanza.

Kwa nini jambo hili linahusu bima? Kwa sababu bima humlinda mtu atakayepata hasara kitu kikiharibika. Kama kadi inasema mali ni ya mtu mwingine, siku ya wizi kampuni itauliza inakulipa wewe kwa hasara ya nani.

Na stika ya bima ya mwenye pikipiki wa awali? Usiitegemee hata kama ina miezi minane mbele. Alikatiwa yeye.

## Hatua ya 6: Kata bima kwa kusema ukweli wote

Zipo za aina tatu mtaani.

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu. Ndiyo ambayo sheria inakulazimisha. Hulipa madhara uliyomsababishia mwingine. Mguu wako hauhusiki, wala pikipiki yako.

Ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize.

Bima kubwa. Inaongeza uharibifu wa pikipiki yako mwenyewe.

Maoni yangu: pikipiki ya zamani ya bei ndogo, kata ndogo au ile ya moto na wizi, na hela inayobaki weka kwenye bima ya ajali binafsi na ya afya, kwa sababu mwili wako una thamani kuliko hilo chuma. Pikipiki mpya, au ya mkopo, kata kubwa.

Halafu fomu ya maombi. Wakala atakuambia, "Nipe tu kadi, mimi nitajaza." Kataa kwa upole, jaza mwenyewe. Sehemu tatu ndizo zinazowaangusha wanaojifunza:

1. Matumizi. Binafsi au biashara? Ukipakia abiria wa kulipa hata Jumamosi moja, ni biashara, na bima ya binafsi haikutambui. Ukimpa deiwaka, yaani dereva wa kibarua, kwa siku, ni vile vile. Bodaboda pia ina leseni yake ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

2. Dereva. Andika wazi: "Dereva ana leseni ya kujifunzia, daraja fulani, anafundishwa na mwenye leseni." Kisha uliza kama mkataba unamkubali mwanafunzi, na jibu liwe kwenye karatasi ya kampuni au baruapepe. Neno la mdomo la wakala halifiki kwa anayelipa. Kama hawamkubali, nenda kampuni nyingine, au jifunze kwa pikipiki ya shule ya udereva mpaka leseni kamili itoke. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi.

3. Thamani. Usiipunguze ili ada ishuke. Tuseme pikipiki ina thamani ya 2,800,000, wewe ukaandika 1,400,000. Imeharibika kwa 600,000. Kampuni inaweza kusema uliikatia nusu, basi nayo inalipa nusu: 300,000, kabla hata ya kuondoa fungu lako.

Fungu hilo ni kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai kabla kampuni haijaweka mkono mfukoni. Uliza ni kiasi gani, na uulize tena kama linaongezeka kwa dereva kijana au mwenye leseni changa. Kampuni nyingi huliongeza. Bima kubwa ya ada ndogo yenye fungu la laki tano, kwa pikipiki ya milioni mbili, ni mapambo tu.

Onyo: ukidanganya kwenye fomu na ukamgonga mtu, hata pale kampuni inapolazimika kumlipa majeruhi, inaweza kukugeukia ikudai wewe.

## Hatua ya 7: Hakiki stika kabla ya kuondoka dukani

Lipia kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni, kamwe usitume kwenye simu ya wakala. Hakuna bima ya mkopo: hela ikiwa haijaingia, kinga haijaanza.

Kisha, ukiwa bado umekaa kwenye kiti chake, fungua tiramis.tira.go.tz, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, uingize namba ya usajili au ya stika. Soma jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na chesisi. Isipoonekana, usikubali "mfumo uko chini, kesho itasoma". Kaa hapo hapo, au rudi kesho kwa miguu.

Chukua na mkataba wenyewe wa bima, siyo stika peke yake. Mambo ambayo hawalipi yameandikwa ndani ya mkataba.

Umefanikiwa kama: NIDA, leseni, kadi na bima vyote vina jina moja, na chesisi moja ipo kwenye kadi na kwenye mfumo.

## Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Alama ya L mbele na nyuma. Mwalimu awepo. Abiria hakuna, hata mchumba. Uwanja wa mpira wa asubuhi unafaa kuliko barabara: wiki nzima ya kuanza, kusimama na kupiga namba nane kwa klachi. Kofia ifungwe mkanda. Ukiitikisa kichwani, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Usinunue kofia iliyotumika, maana iliyokwisha piga chini mara moja haionyeshi.

## Hatua ya 9: Ukianguka, au ikiibiwa

Usihamishe pikipiki kabla polisi hawajapima, isipokuwa pale inapohatarisha wengine, na hata hapo piga picha kwanza. Majeruhi apate PF3, fomu ya polisi, kwa ajili ya matibabu. Usikiri kosa wala usiahidi kulipa kando ya barabara. Makubaliano yako ya pale yanaweza kukuharibia dai. Ijulishe kampuni ya bima siku hiyo hiyo, kwa sababu mikataba huweka ukomo wa siku za kutoa taarifa.

Kwenye madai watakudai fomu yao iliyojazwa, nakala ya leseni na kadi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa chombo na ripoti ya mwisho ya polisi (PF90). Usipeleke pikipiki kwa fundi kabla mkaguzi wao hajaiona.

Ikiibiwa, toa taarifa polisi mara moja, na uwe na funguo zote mbili. Kampuni huomba funguo. Aliyeacha ufunguo kwenye pikipiki akaingia kununua vocha hulipwa kwa nadra sana.

Wakikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba. Ukiona wamekosea, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na hapo ile karatasi yao uliyoidai Hatua ya 6 ndiyo utakayoiweka mezani.

## Hatua ya 10: Siku leseni kamili inapotoka

Toa alama za L, kisha kabla ya kusherehekea peleka nakala ya leseni kwa kampuni ya bima na uombe mkataba urekebishwe: maneno "leseni ya kujifunzia" yatoke, namba ya leseni mpya iingie. Kama na matumizi yanabadilika, unataka kuingia kijiweni, sema siku hiyo hiyo ulipie nyongeza ya ada. Ukishapata waraka wa marekebisho wenye muhuri, upige picha, ujitumie mwenyewe kwa baruapepe. Karatasi iliyokaa chini ya siti ya pikipiki hulowa mvua ya kwanza.